Sadako Sasaki: mutoto wa Hiroshima na makorongo yake elfu moja ya karatasi

Kila mwaka, wakati tarehe 6 Mwezi wa 8 inafika, radio nyingi za dunia zinazungumuzia Hiroshima. Huku kwetu Katanga tunasikiliza ile habari na sikio ingine, juu wakaaji wa Likasi wanajua mawe ya kutengeneza ile bomu yalitoka wapi. Tutafika ku mawe. Kwanza tumuangalie mutoto mwanamuke mumoja, binti wa kinyozi, ambaye alikuwa na miaka miwili wakati bomu ilipiga muji wake, na miaka kumi na mbili wakati alikufa. Aliitwa Sadako Sasaki. Hakuongoza inchi, hakuandika kitabu, hakumaliza hata masomo. Jina lake linajulikana kuliko majina ya majenerali wengi wa ile vita, na sababu ni karatasi aliyokunja akiwa amelala ku kitanda cha hospitali.

Sadako alizaliwa Hiroshima tarehe 7 Mwezi wa 1, mwaka wa 1943, katikati ya vita. Baba yake Shigeo alikuwa anakata watu nywele, na mama yake Fujiko alikuwa anafanya naye kazi katika saloni. Mbele ya Sadako walikuwa wamezaa kijana, Masahiro. Nyuma ya vita walizaa tena watoto wawili, Mitsue na Eiji. Ile asubuhi ya bomu, baba hakuwa ku nyumba, juu alikuwa ameitwa katika jeshi.

Ilikuwa tarehe 6 Mwezi wa 8, mwaka wa 1945, siku ya Kwanza, saa mbili na dakika 15 asubuhi. Bomu ilipasuka juu ya muji, karibu metre 600 kutoka chini. Nyumba ya Sasaki ilikuwa karibu kilometre 1,6 na fasi ile. Jamaa ilikuwa ku meza ya asubuhi. Nyumba iliharibika na mutoto Sadako akarushwa inje, lakini wakati mama alimukuta, hakuwa na kidonda, hata alama ya moto. Mama alikamata watoto wake wawili, wakakimbilia ku muto pamoja na bibi. Njiani bibi alirudia ku nyumba kutafuta kitu. Hawakumuona tena akiwa muzima.

Ku muto walipanda ndani ya mutumbwi, juu moto ulikuwa unakula muji pande zote. Ni pale ndipo mvua iliwakuta. Ilikuwa mvua nyeusi, nzito sawa mafuta, juu ilikuwa imechanganyika na majivu na vumbi ya bomu yenyewe. Iliangukia nguo za watoto. Kwa mutu asiyejua, ile mvua ilionekana kuwa musaada, juu kulikuwa moto mukali na watu walikuwa na kiu. Kumbe ilibeba sumu ambayo haina harufu na haionekani na macho.

Mwaka ule ulipoisha, watu karibu 140 000 wa Hiroshima walikuwa wamekufa. Wale waliobaki, Wajapani waliwaita hibakusha, ni kusema watu waliopigwa na bomu. Sadako alikuwa mumoja wao, lakini kwa kumuangalia hakuna mutu angesema.

Sasa tuseme neno juu ya mawe, kisha tutamurudilia mutoto. Ndani ya bomu ya Hiroshima kulikuwa karibu kilo 64 za urani. Kuipata, Wamarekani walihitaji mawe mengi sana, na mawe yenye nguvu zaidi duniani yalikuwa Shinkolobwe, karibu na muji ambao wakati ule uliitwa Jadotville na leo unaitwa Likasi. Yule mwenye kuchimba alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji, ile ambayo kisha ikakuwa Gécamines. Mawe mengine ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani hadi 65 kwa mia. Katika inchi zingine, hata jiwe lenye moja kwa mia lilihesabiwa kuwa muzuri.

Mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma karibu tani 1 200 za ile mawe New York kunako mwaka wa 1940, akaziweka ndani ya mapipa ya chuma katika kisiwa cha Staten Island, mbele hata jeshi la Marekani kuziomba. Mwezi wa 9 mwaka wa 1942, mukubwa mumoja wa jeshi, Kenneth Nichols, alifika ku biro yake kununua. Mambo yalipangwa haraka. Kisha Wamarekani waliomba shimo la Shinkolobwe lifunguliwe tena, juu lilikuwa limefungwa na kujaa maji. Wachimbaji Wakongomani walirudi kazini, wakatoa mawe chini ya udongo, wakayapanga na kuyabeba na mikono. Hawakuambiwa ni ya kazi gani. Sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani walitumia ku bomu zao za kwanza ilitoka pale.

Hii haiko hadisi ya kusema kosa lilikuwa letu. Wababu zetu hawakuchagua kitu. Lakini wakati unasoma kwamba mutoto wa kinyozi alinyeshewa mvua nyeusi katika muji wa Japani, ujue kwamba katika ile mvua kulikuwa kidogo cha udongo wa Katanga. Mimi sijaona namna ingine ya kulisema.

Turudilie Sadako. Baba alirudi kutoka jeshi, na kunako mwaka wa 1947 jamaa ilifungua tena saloni katika muji ambao ulikuwa unajengwa upya na mbao na mabati. Watu walikuwa masikini lakini nywele zinaota kila siku, kwa hiyo kinyozi anapata kula. Sadako alianza masomo ya musingi ya Noboricho kunako 1949. Wote wanaomukumbuka wanasema kitu kimoja: alikuwa anakimbia sana. Metre 50 alikuwa anazikimbia kwa sekunde 7,5, na ule haukuwa mwendo wa mchezo kwa mutoto wa miaka kumi na moja.

Katika mwaka wa mwisho wa masomo ya musingi, darasa lake liliitwa darasa la Mianzi. Lilikuwa darasa lenye fujo kidogo, na mwalimu wao aliwaunganisha kwa njia ya mbio za kupokezana. Walikuwa wanafanya mazoezi nyuma ya masomo. Mwishoni mwa 1954, ku sikukuu ya michezo, wakashinda. Sadako alikuwa katika wale wakimbiaji. Ni picha hiyo ambayo wenzake walibaki nayo: mutoto anayepokea kijiti na kuondoka sawa mushale.

Mwezi wa 11 alipatwa na mafua. Mafua yakaisha, lakini kulikuwa vivimbe ku shingo na nyuma ya masikio. Mwanzo wa 1955 uso ulivimba, na ku miguu kukatokea alama za rangi ya zambarau. Wazazi walimupeleka kwa waganga. Hiroshima ilikuwa na hospitali zake, lakini pia kulikuwa kituo cha Wamarekani kilichofunguliwa nyuma ya vita kuchunguza wale waliopigwa na bomu. Pale walikuwa wanapima damu, wanaandika hesabu, wanapiga picha. Kutibu hawakutibu. Hibakusha wengi walibaki na kinyongo juu ya ile kituo, na unaweza kuelewa: mutu mugonjwa anaulizwa maswali siku muzima, kisha anarudishwa ku nyumba.

Jibu lilikuwa leukemia, kansa ya damu. Munganga alimuambia baba kwamba mutoto alibakiwa na miezi, kwa urefu mwaka moja. Tarehe 21 Mwezi wa 2, mwaka wa 1955, Sadako aliingia katika hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Hiroshima. Wazazi waliamua kumuficha jina la ugonjwa. Mama alimushonea kimono yenye maua ya mucheri, juu mutoto hakuwahi kuwa na kimono ya namna ile na mama aliona kwamba wakati ulikuwa mufupi. Sadako alilia. Alisikitika kwamba wazazi walitumia feza mingi juu yake.

Na feza ilikuwa tatizo la kweli. Baba alikuwa amekubali kuwa mudhamini wa deni la rafiki yake, na rafiki alishindwa kulipa. Mambo ya namna hii tunayajua vizuri hata huku: unatia sinyatire juu ya urafiki, kisha wenye deni wanakuja kwako. Jamaa ya Sasaki ililazimika kuacha nyumba na saloni yao, wakahamia fasi ndogo zaidi. Hospitali iliomba malipo, damu ya kumutia iliomba malipo, dawa pia. Sheria ya Japani ya kuwatibu hibakusha kwa feza ya serkali ilitoka tu kunako 1957, miaka miwili nyuma. Mutoto alikuwa anaona yote. Watu wakubwa wanafikiri kwamba mutoto akinyamaza, basi hajui.

Ile hesabu ya damu aliijua pia. Nyuma ya kifo chake, walikuta karatasi ambayo alikuwa ameandika kwa siri matokeo ya damu yake: chembe nyeupe, chembe nyekundu, tarehe kwa tarehe. Aliyakopia bila kumuambia mutu. Na Mwezi wa 7, mutoto mudogo wa miaka kama tano hivi, ambaye alikuwa analala katika ile hospitali na ugonjwa ule ule, alikufa. Sadako alimuona. Tangu siku ile hakuna mutu angeweza kumudanganya sana.

Mwezi wa 8, karatasi ziliingia. Wanafunzi wa muji wa Nagoya walituma makorongo ya karatasi ku wagonjwa wa ile hospitali, kuwatuliza. Korongo ni ule ndege wa miguu mirefu na shingo ndefu. Kwa Kifaransa wanamuita grue. Kwetu wako, katika mabwawa ya Upemba na ku Kundelungu. Kwa Wajapani ni ndege wa baraka: wazee wao walisema anaishi miaka elfu moja. Na kulikuwa neno la zamani kwamba mutu anayekunja makorongo elfu moja, atapata kile anachoomba. Sadako na mutoto mwenzake wa chumba, ambaye alikuwa amemuzidi kidogo umri, walianza.

Kazi yenyewe inafaa kuelezwa, juu watu wengi wanalisikia neno origami na kufikiri ni mchezo wa dakika mbili. Origami ni kukunja karatasi, basi. Hakuna makasi, hakuna kole. Na korongo ni kazi ya zamani: kunako 1797, huko Kyoto, walichapa kitabu kizima juu ya kukunja makorongo tu, mengine yakiwa yameshikana mabawa kwa mabawa katika karatasi moja.

Unakamata karatasi ya mraba, pande zote ine sawasawa. Kama haiko sawa hata kidogo, acha, kata ingine, juu kosa la milimetre moja mwanzoni linakuwa shingo iliyopinda mwishoni. Unaikunja kona kwa kona, mara mbili, unaifungua. Unaigeuza, unaikunja katikati, mara mbili. Sasa karatasi iko na alama sawa nyota, na ukiisukuma kidogo inajikusanya yenyewe na kuwa mraba mudogo. Kisha kingo za pembeni zinaletwa ku mustari wa katikati, mbele na nyuma, na kuna hatua moja ngumu ambapo unainua ngozi ya juu na kuilaza ndefu sawa jani. Wengi wanakwama pale. Ukiivuka, umebaki na kitu chembamba chenye miguu miwili chini. Muguu moja unausukuma ndani na kuupandisha: ni shingo. Wa pili vile vile: ni mukia. Ncha ya shingo unaivunja kidogo, kichwa kimetoka. Unafungua mabawa.

Hiyo ni moja. Mutu mwenye mukono muzuri anaimaliza kwa dakika tatu. Elfu moja ni basi masaa 50 ya kazi, bila kupumuzika, na vidole vizima, na mwili usiokuwa na homa. Sadako alikuwa na homa.

Kisha kuna kuunganisha. Makorongo elfu moja yaliyomwagwa katika sanduku ni takataka tu. Yanapitishwa uzi na sindano katikati ya mugongo, moja juu ya ingine, na Wajapani wengi wanayapanga nyuzi 25, kila uzi makorongo 40. Nyuzi zote zinafungwa pamoja juu, na unapata kitu kinachoninginia sawa mukungu wa ndizi za rangi. Kila kipande kidogo kilikuwa tayari kamili peke yake, lakini macho sasa hayaoni vipande. Wanaita ile kitu senbazuru. Katika kazi za karatasi zenye vipande vingi, ninafikiri hiyo ndiyo moja ambayo haiombi mutu kuwa fundi mukubwa. Inaomba tu asichoke.

Shida ya Sadako ilikuwa karatasi. Ya rangi ilikuwa bei. Kwa hiyo alikunja kile kilichopatikana: karatasi za kufungia dawa ya unga ambazo manesi walikuwa wanatupa, karatasi za zawadi ambazo watu walileta ku wagonjwa wengine. Alikuwa anapita chumba kwa chumba kuomba. Juu karatasi zilikuwa ndogo, makorongo pia yalikuwa madogo, mengine madogo hivi kwamba vidole havikutosha na alitumia ncha ya sindano kuyakunja. Unaweza kuyaona leo katika jumba la makumbusho ya Hiroshima, ndani ya kioo, na yanatoshana na ukucha.

Hapa kuna neno ambalo ni lazima tulinyooshe, juu masomo mengi duniani yanalifundisha vibaya. Kunako 1977, mwandikaji moja wa Amerika, Eleanor Coerr, alitoa kitabu cha watoto juu ya Sadako. Kitabu kilitafsiriwa katika luga nyingi. Ndani yake, Sadako anafika ku korongo la 644, anakufa, na wenzake wanakunja yale yaliyobaki kusudi elfu moja itimie. Ni hadisi yenye kuliza, na watoto wameipokea sawa kweli.

Jamaa yake inaeleza vingine, na makumbusho ya Hiroshima vile vile: Sadako alitimiza elfu moja, akapita. Masahiro, yaya yake, amelieleza mara nyingi. Elfu ya kwanza ilikuwa ya kuomba kupona. Ilitimia, na damu haikubadilika. Kufwatana na Masahiro, dada yake alianza tena kukunja, na mara hii aliomba deni la baba liondoke.

Ninaelewa ni kwa nini mwandikaji wa hadisi alipenda ile ya 644. Mutoto aliyekatizwa njiani, na marafiki wanaomalizia kazi: moyo unatulia. Ile ya kweli haitulizi. Mutoto alifanya yote yaliyoombwa, alihesabu bila kuiba hata moja, na hakupona. Kisha, badala ya kutupa karatasi, akageuza ombi lake kwa ajili ya baba. Mimi naona tukiwaambia watoto wetu hadisi ya Sadako, tuwaambie hii, hata kama ni nzito. Kumuandikia 644 ni kumunyanganya kazi yake. Na mutu ambaye amekwisha kumaliza elfu moja na karatasi za dawa anastahili hesabu yake yote.

Mwezi wa 10 muguu wa kushoto ulivimba na kubadilika rangi. Hakuweza tena kutembea. Yule aliyekuwa anakimbia metre 50 kwa sekunde 7,5 alikuwa anabebwa. Tarehe 25, asubuhi, jamaa yote ikiwa karibu na kitanda, alikubali kula kidogo wali uliomiminiwa chai, chakula cha kawaida cha kwao. Alikula vijiko vichache, akashukuru, akafa. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Katika masomo ya sekondari alikuwa ameandikishwa tangu Mwezi wa 4, lakini hakukanyaga darasa hata siku moja. Makorongo mengine yaliwekwa pamoja naye ndani ya sanduku, mengine yaligawiwa wenzake. Ku nyumba yalibaki machache.

Wenzake wa darasa la Mianzi walikuwa na uzito mwingine mu roho. Wakati Sadako aliingia hospitali, walikuwa wamekubaliana kumutembelea kwa zamu. Mwanzoni walienda. Kisha masomo mapya, michezo, marafiki wapya, na ziara zikapunguka. Sasa alikuwa amekufa. Walianza kutafuta kitu cha kufanya, na mukaaji mumoja wa Hiroshima aliyekuwa anasaidia hibakusha aliwapa wazo: wasijenge tu kaburi la rafiki, wajenge sanamu kwa ajili ya watoto wote waliouawa na bomu.

Walikuwa watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Mwezi wa 11, hata majuma matatu hayajaisha tangu kifo, wakubwa wa masomo ya sekondari kutoka Japani nzima walikuwa na mukutano Hiroshima. Watoto walisimama pale na kuwagawia karatasi zilizochapwa, wakiomba michango. Ile karatasi ilienda mbali. Masomo zaidi ya 3 000 ya Japani yalituma feza, na michango ikatoka pia katika inchi tisa zingine. Franga za watoto, kidogo kidogo. Hakuna tajiri moja aliyelipa yote.

Sanamu ilifunguliwa tarehe 5 Mwezi wa 5, mwaka wa 1958, siku ambayo Wajapani wanasherehekea watoto. Iko katika bustani ya Amani ya Hiroshima, urefu metre 9, na Kazuo Kikuchi ndiye aliyeichonga. Juu kabisa anasimama mutoto mwanamuke ameinua mikono, na juu ya mikono kuna korongo kubwa. Ndani kulikuwa kengele ambayo Hideki Yukawa, mwanasayansi wa fizike na Mujapani wa kwanza kupata zawadi ya Nobel, alitoa. Inafaa kukumbuka kwamba kazi yake ilikuwa kiini cha atomu. Yeye alijua vizuri kuliko wengi kile ambacho kilipasuka juu ya muji ule.

Tangu hapo makorongo hayakuacha kufika. Muji wa Hiroshima unahesabu karibu milioni 10 kila mwaka, uzito karibu tani 10, kutoka kila pembe ya dunia. Mwanzoni yalikuwa yanabaki inje na kunyeshewa, kisha wakajenga vibanda vya kioo kuzunguka sanamu. Kunako 2003 mwanafunzi moja alitia moto ndani ya kibanda, makorongo karibu 140 000 yakaungua. Watu wa Japani walikasirika, wakakunja mengine kupita yale. Siku hizi muji unayageuza pia kuwa karatasi mupya, na watu wanatengeneza daftari na kadi. Barack Obama, wakati alifika Hiroshima Mwezi wa 5 mwaka wa 2016, mukubwa wa kwanza wa Marekani kufika pale akiwa bado ku kiti, alileta makorongo manne aliyokunja yeye mwenyewe, akayaacha.

Masahiro naye alikuwa anagawa yale machache ambayo dada yake aliacha, moja moja, sawa mutu anayetoa mbegu. Moja lilienda New York, ku fasi ya kukumbuka wafu wa tarehe 11 Mwezi wa 9, 2001. Moja lilienda Pearl Harbor, kule ambako Wajapani walianza kupiga Wamarekani. Moja lilienda katika makumbusho ya Harry Truman, yule aliyetoa ruhusa ya bomu, na mujukuu wa Truman alikuwa rafiki wa Masahiro katika kazi hiyo.

Na Shinkolobwe? Wabelgiji waliziba mashimo karibu na uhuru. Miaka ya nyuma, wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti na shaba, bila vifaa. Serkali ilifunga fasi kwa amri mwaka wa 2004, na katika mwaka ule ule udongo ulianguka na kuua watu munane. Tuko na sababu zetu za kujua kwamba mawe yale hayaui tu mbali.

Kwa wale walimu ambao wanapenda kufanya kazi hii na watoto darasani: karatasi ya daftari inatosha, mradi muikate mraba. Gawanyeni, watoto 25, kila moja makorongo 40, uzi moja kwa mutoto. Msifunge nyuzi zote mbele ya kuhesabu. Muji wa Hiroshima unapokea makorongo kutoka kwa mutu yeyote, unaandika ndani ya daftari zake jina la mutumaji na inchi yake, kisha unayatundika kando ya sanamu.